Gari Linaloumwa Alfajiri

Gari la zamani lina ugonjwa mmoja wa kuudhi: linaumwa alfajiri, na likifika kwa fundi limeshapona. Saa 11 unapiga stata, injini inazunguka weee, inashika kwa taabu, boneti inatikisika, ekzosi inapiga pu, pu, pu, na ukigusa eksileta gari linataka kuzima. Unalibembeleza hadi linatulia. Saa 2 uko gereji na injini ya moto. Fundi anafungua boneti, anatega sikio, anakutazama. "Mbona linanguruma vizuri tu, bosi?" Unabaki kueleza kwa mdomo jambo ambalo ushahidi wake umeshaupoteza njiani.

Kinachofuata wengi mnakijua. Fundi hataki uondoke mikono mitupu. Anachukua spana namba 12, analegeza distribyuta, anaizungusha kidogo, sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga eksileta, inapanda, anakaza. "Ilikuwa taimingi hiyo." Unalipa, unashukuru. Kesho alfajiri gari linamisi vilevile, ila sasa mlimani nalo linagonga. Umekuwa na matatizo mawili, na hilo la pili umelilipia.

Leo nimekuja kuitetea distribyuta. Gari linalomisi likiwa baridi tu, kisha likitulia lenyewe, taimingi ndiyo iwe mtuhumiwa wa mwisho kushikwa. Siyo kwamba haiwezi kuharibika. Inaweza, na tutafika huko. Lakini jino la mkanda wa taimingi likiruka, halirudi mahali pake kwa sababu injini imepata moto. Distribyuta iliyofungwa vibaya saa 11 imefungwa vibaya hata saa 6 mchana. Kasoro inayopotea kwa joto itafutwe kwenye vitu vinavyobadilishwa na joto: petroli, unyevu, oili, betri, vyuma vinavyotanuka, na sensa inayoiambia kompyuta ya injini kuna joto kiasi gani.

Ili tusiongee hewani, tuchukue gari moja, Toyota Corolla AE100, ile iliyotoka Japani kuanzia mwaka 1991, yenye injini ya 5A-FE: sentimita za ujazo 1,498, valvu 16, mkanda wa taimingi, na distribyuta moja kwenye hedi. Zimebaki nyingi barabarani, kuanzia Mombasa mpaka Mbeya. Na tulipeleke gari letu nyanda za juu kusini, Mbeya au Njombe, mwezi wa Juni au Julai, wakati ambapo kule Kitulo majani yanaamka na barafu. Ndiko magari haya yanakoumbuka.

Kwanza tuelewe kwa nini baridi inasumbua. Petroli ya majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa baridi, nozeli inarusha petroli, lakini sehemu kubwa inanata kwenye kuta za manifoldi na kwenye valvu, na mvuke unaofika ndani ni kidogo. Dawa yake ni kuongeza petroli ili hata hicho kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe. Kwenye kabureta kazi hiyo inafanywa na choki, inayobana hewa. Kwenye Corolla yetu inafanywa na kompyuta, baada ya kuuliza sensa ya joto la maji. Wakati huohuo oili ni nzito, hasa kama mwenye gari amewekewa 20W-50 ya Dar es Salaam kwa ajili ya asubuhi za Makete. Stata inazungusha injini polepole na betri inashuka volti. Betri ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati stata inazunguka, cheche nayo inakuwa dhaifu. Kwa hiyo kabla hujalaumu chochote cha kitaalamu, pima betri, safisha vichwa vyake, angalia waya wa ethi unaoenda kwenye bodi. Hili ni la dakika chache, sitalizungumza zaidi.

Baada ya hapo kazi inayofuata ni yako wewe mwenye gari, kwa sababu wewe ndiye uliyepo alfajiri. Mweke mtu nyuma ya gari na tochi, uwashe, atazame moshi. Macho ya mtu huyo yana thamani kuliko nusu ya vifaa vya gereji.

Mvuke mweupe mwepesi unaopotea mara tu unapotoka si ugonjwa. Petroli ikiungua inazaa maji, karibu lita moja ya maji kwa kila lita ya petroli, na asubuhi ya baridi maji hayo yanaonekana kama mvuke. Watu wameshafungua hedi bure kwa kuuogopa mvuke huu. Wa kuogopwa ni moshi mweupe mzito, unaotanda uani, wenye harufu ya utamutamu wa kulanti, huku injini ikimisi silinda moja kwa nusu dakika kisha inakaa sawa. Hapo gasketi ya hedi imeanza kuvuja. Ukizima gari la moto jioni, maji ndani ya mfumo bado yana presha. Usiku yanapenya taratibu hadi kwenye silinda, yanalala juu ya pistoni, na asubuhi silinda hiyo haishiki mpaka iyateme. Angalia kichupa cha akiba cha rejeta kama kinapungua bila tone kuonekana chini. Fungua plagi: ya silinda hiyo utaikuta safi kuliko wenzake, imeoshwa. Usiendelee kulipiga stata kwa nguvu gari la namna hii. Maji hayabanwi kama hewa, na yakiwa mengi mkono wa pistoni unapinda.

Moshi wa bluu wa dakika moja ya kwanza, kisha basi, ni oili iliyoteremka usiku kupitia sili za valvu zilizokakamaa kwa umri. Plagi inaamka imelowa oili. Hii haiui injini haraka.

Moshi mweusi wenye harufu ya petroli ni gari linalonyweshwa kupita kiasi: nozeli inavuja usiku, au sensa inadanganya. Na kama hakuna moshi wowote, injini inazunguka tu, ikishika inamisi na kutaka kuzima kila ukigusa eksileta, basi huenda petroli haitoshi.

Sasa hapo kwenye petroli kutotosha, kuna ushauri unaotembea sana: washa swichi, zima, washa, zima, mara tatu, ili pampu ijaze presha. Kwa magari mengi ya Ulaya ushauri huo ni sahihi. Kwa Toyota nyingi za wakati wa AE100 unapoteza muda, kwa sababu pampu yake haizunguki kwa kuwasha swichi tu; inasubiri stata izunguke. Ukitaka kuiamsha bila stata, kuna kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu yenye herufi. Washa swichi, unganisha FP na +B kwa waya mfupi, utasikia pampu inavuma nyuma na petroli ikipita. Toa waya, kisha piga stata. Gari likishika mara moja wakati jana liligoma, umepata jibu: valvu ndogo ndani ya pampu haishiki presha usiku kucha, au nozeli inaivujisha. Kama nozeli ndiyo inayovuja, harufu na plagi iliyolowa vitakuonyesha. Lakini soma herufi vizuri, usiguse tundu usilolijua.

Nije kwenye sensa, maana hapa fedha nyingi sana zinapotea. Corolla hii ina vitu viwili vya kupima joto la maji ambavyo watu huvichanganya. Kimoja kina waya mmoja, kazi yake ni kuisukuma sindano ya deshibodi. Kingine kina waya mbili, na hicho ndicho kinachozungumza na kompyuta. Mtu anaambiwa "sensa ya tempu imekufa", anakwenda dukani, anarudi na ya waya mmoja, inafungwa, asubuhi hali ni ileile. Sensa ya waya mbili inapimwa kwa mita ya kawaida ya fundi umeme. Injini ikiwa baridi kabisa, kwenye nyuzi joto 20, inatakiwa isome kati ya kiloomu 2 na 3. Asubuhi ya Njombe yenye nyuzi 10 itasoma zaidi, kiloomu tatu na nusu au nne. Injini ikifika nyuzi 80, ishuke hadi kati ya omu 200 na 400. Baridi inapandisha, joto linashusha.

Ukiikuta inasoma omu 400 saa 11 alfajiri, kompyuta inaamini injini ni ya moto, hivyo haiongezi petroli hata tone, na gari haliwaki. Ikisoma juu mno muda wote, kompyuta inaamini ni baridi ya Kitulo mchana kutwa, inamwaga petroli. Na hapa mafundi wanaotegemea mashine ya kusoma makosa wanakwama. Kompyuta hii inatoa kosa namba 22 pale tu waya unapokatika au unapogusana. Sensa inayodanganya kwa kiasi haitoi kosa lolote, na taa ya injini haiwaki. Fundi anachomeka mashine, haoni kitu, anasema gari zima. Mita ya bei rahisi ingemwambia ukweli kwa dakika mbili, mradi aipime kabla gari halijawashwa.

Sensa inaweza kuwa nzima, ikasema kweli tupu, na gari bado likanyweshwa petroli kwa sababu injini kweli ni ya baridi. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana ni ugonjwa tuliojitengenezea wenyewe. Nazungumzia themostati. Kanda yetu hii ina imani, kuanzia pwani mpaka bara, kwamba themostati ni ya Wazungu wenye theluji na kwetu hakuna haja. Gari likichemka mara moja Chalinze, fundi anafungua, anaitoa, anaitupa, anafunga. Kilichochemsha gari kwa kawaida ni rejeta iliyoziba, feni iliyolala, kifuniko kisichoshika presha, au maji ya bomba yaliyojaza kutu kwa miaka. Hivyo vinabaki. Kinachoondoka ni kifaa pekee kinachoihakikishia injini joto lake.

Themostati ya injini hii inaanza kufunguka karibu nyuzi 82. Kabla ya hapo inazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate moto upesi. Bila hiyo, maji yanazunguka rejetani tangu sekunde ya kwanza. Pwani mchana huenda usigundue. Mbeya asubuhi, ukiteremka mlima bila kukanyaga mafuta, sindano inashuka hadi karibu na C. Kompyuta inaona nyuzi 50, inaongeza petroli kama ilivyofundishwa. Ziada hiyo haiungui yote. Inapaka plagi masizi, inaosha oili kwenye kuta za silinda, inateremka hadi kwenye oili chini na kuifanya nyepesi. Kesho yake plagi hizohizo zenye masizi ndizo unazozitegemea kuwasha petroli baridi kwa betri iliyochoka. Zinashindwa, gari linamisi, fundi anakuuzia plagi mpya, wiki mbili gari zuri, kisha tunarudi palepale. Mtu akiniambia anabadilisha plagi mara kwa mara, swali langu la kwanza ni kama gari lina themostati.

Kuijua si kazi. Injini ikiwa baridi, washa, gusa rejeta kwa tahadhari, vidole mbali na feni. Themostati ikiwepo na ni nzima, rejeta inabaki ya baridi dakika kadhaa huku sindano ikipanda, halafu joto linaingia kwa mkupuo. Rejeta ikianza kuwa vuguvugu mapema na sindano inasuasua, haipo, au imekwama wazi. Kifaa chenyewe si ghali. Nunua, ichemshe jikoni kwenye sufuria uone inafunguka, ndipo ifungwe.

Nilimfahamu fundi mmoja Mbeya, mzee aliyeanza na Peugeot 504 za kabureta kabla Corolla hizi hazijafika. Alikuwa na sharti moja lililowaudhi wateja: gari linalosumbua asubuhi liletwe jioni, lilale kwake. Hakuligusa usiku. Alfajiri moja, kabla jua halijachomoza, alizima taa ya gereji, akafungua boneti, akamwambia kijana wake, "Piga." Gari likashika kwa kumisi. Mzee alikuwa na chupa ya kunyunyizia maji, ile ya saluni. Alinyunyiza ukungu mwembamba kwenye kifuniko cha distribyuta, kisha kwenye waya za plagi mmoja baada ya mwingine. Alipofika waya wa tatu giza lile lilionyesha kila kitu: nyuzi za bluu zikawa zinaruka kutoka kwenye mpira wa waya hadi kwenye chuma cha hedi, ta, ta, ta, kwa mpigo uleule wa kumisi. Alizima. Akafungua kifuniko cha distribyuta, akakigeuza kwenye mwanga wa tochi, akamwonyesha mwenye gari mstari mweusi mwembamba wa kaboni ulioteremka kutoka kwenye pini moja. Hakuhitaji kueleza zaidi.

Alichokionyesha ni hiki. Ndani ya silinda mchanganyiko umebanwa, na cheche inahitaji maelfu ya volti kuruka pengo la plagi. Umeme unatafuta njia rahisi. Usiku wa ukungu, unyevu unalala ndani ya kifuniko na juu ya waya zilizopasuka, na hiyo inakuwa njia rahisi kuliko pengo la plagi. Injini ikipata moto, unyevu unakauka, njia inafungwa, kumisi kunakwisha. Gari hilo ukilipeleka saa 2 hata malaika hataona kitu. Kama huna giza wala chupa, pima waya kwa mita: kila mmoja usizidi kiloomu 25. Tazama kifuniko na rota kwenye mwanga mkali. Na waya usiuguse kwa mkono injini ikizunguka. Volti hizo haziui mtu mzima mwenye moyo wenye afya mara nyingi, lakini zinamrusha, na akirushwa anaweza kuangukia feni au mkanda.

Kuitambua silinda iliyolala bila kurushwa na umeme, chomoa soketi ya nozeli moja moja wakati gari linamisi. Ukichomoa na mlio ukaharibika zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na usisikie tofauti, umeipata. Toa plagi yake hapohapo ikiwa bado baridi, uisome.

Plagi, waya, petroli, sensa na themostati vikiwa safi, na gari bado linasumbua, ndipo tunapima kompresheni. Na hapa kuna jambo la nyanda za juu ambalo vitabu vingi vya gari havilisemi. Injini hii ikiwa mpya inatakiwa kutoa psi 190 hivi, na kitabu kinakubali hadi 142. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu, na hewa ya huko ina presha pungufu kwa karibu moja ya tano. Silinda ambayo ingesoma 190 Tanga itasoma 155 hivi Mbeya, na ni nzima. Nimeshasikia watu wakiambiwa injini imekwisha kwa sababu mita imesoma 150. Kilicho muhimu ni tofauti kati ya silinda na silinda. Isizidi psi 14 hivi. Moja ikiwa chini, mwagia kijiko cha oili ndani, pima tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, ni valvu au gasketi. Mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao.

Na zote nne zikiwa chini sawasawa? Ahaa. Hapo, na hapo tu, tuzungumze taimingi.

Kuna ya mkanda na kuna ya cheche, na dalili zake si sawa. Mkanda unaunganisha krankshafti na kamshafti, ndio unaoamua valvu zifunguke na kufungwa lini. Ukiruka jino moja, ni digrii 15 au zaidi za krankshafti kwenye injini nyingi, valvu hazifungi kwa wakati wake, kompresheni mara nyingi inashuka silinda zote, gari linawaka kwa shida asubuhi na halina nguvu mchana. Hakuna mpigo mmoja unaokosa. Gari zima ni zito. Distribyuta haiwezi kulitibu hilo, ingawa mafundi wanajaribu kila siku. Dawa ni kufungua kava, kuiweka silinda namba 1 juu kabisa, na kutazama kama alama ya puli ya kamshafti inaangaliana na alama iliyopo kwenye kifuniko cha bearing.

Taimingi ya cheche kwenye Corolla hii ni digrii 10 kabla pistoni haijafika juu, kwenye sailensi. Sailensi ikiwa mizunguko 800 kwa dakika, digrii 10 ni kama sehemu mbili za elfu moja ya sekunde. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kupima hilo. Sikio linasikia kitu kingine: ukiiwahisha cheche, sailensi inapanda, na gari linaonekana limechangamka. Fundi anaamini amelitibu. Mbeya hewa ni nyepesi, hivyo injini haigongi upesi na kosa linajificha. Siku ya safari unateremka Kitonga, unaingia joto la Ruaha Mbuyuni, hewa imekuwa nzito. Wakati wa kurudi umejaza mizigo, unapanda Kitonga kwa gia ya pili, injini inaanza kulia kama inatafuna kokoto. Pistoni zinaumia hapo, na aliyezungusha distribyuta yuko mbali.

Hata mwenye taa ya taimingi anakosea kwa njia moja maarufu. Kompyuta ya Corolla inaongeza digrii zake yenyewe injini ikizunguka. Kabla ya kupima lazima uunganishe TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS, ili kompyuta iache kuongeza. Taa ya injini kwenye deshibodi itaanza kumweka. Ikimweka mfululizo kwa kasi moja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimweka mara mbili, ikapumua, ikamweka mara mbili, hiyo ni 22, rudi kwenye sensa. Asiyeunganisha anaona digrii zilizokwisha kuongezwa, anairudisha distribyuta nyuma mpaka taa isome 10, anaridhika. Lakini wakati wa stata kompyuta inatumia digrii za msingi peke yake, na hizo sasa ameziua. Cheche inakuja imechelewa, injini inazunguka polepole, petroli ni baridi. Hivyo ndivyo gari lililokuwa likiwaka vizuri linavyotoka gereji na tatizo la asubuhi.

Mtu akichaguliwa kupanga taimingi ya cheche, mfuatano wake ni huu: injini ipate moto kabisa, zima taa na kiyoyozi, unganisha TE1 na E1, funga taa ya taimingi kwenye waya wa silinda namba 1, paka chokaa au rangi nyeupe kwenye mkato wa puli uonekane. Kabla hujaamini mkato huo, jihadhari na puli zenye pete ya mpira katikati. Mpira ukizeeka, ukingo wa nje unateleza na alama inahama nayo, na taa itakuonyesha uongo kwa uaminifu mkubwa. Toa plagi namba 1, ingiza mrija mrefu wa plastiki, zungusha injini kwa spana taratibu hadi mrija ufike juu kabisa na uanze kushuka. Mkato uwe kwenye sifuri hapo. Kama hauko, alama ndiyo yenye kosa.

Wenye magari ya zamani zaidi yenye pointi ndani ya distribyuta, yenu ni tofauti kidogo. Kisigino cha pointi kinalika, pengo linapungua, na cheche inachelewa yenyewe mwezi hadi mwezi. Kwenu taimingi inahama kweli bila kuguswa. Rekebisha pengo kwanza, taimingi baadaye, kwa sababu ukibadilisha pengo taimingi inasogea nalo.

Na kama umenunua gari hili mkononi mwa mtu na hakuna anayejua mkanda ulibadilishwa lini, usisubiri dalili. Toyota ilitaka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukifungua, badilisha na kikaza mkanda, tazama na pampu ya maji kama inavuja. Kwa bahati, kwenye 5A-FE mkanda ukikatika pistoni hazigongi valvu, unabaki tu barabarani. Injini nyingine nyingi hazina huruma hiyo.

Ukishaiweka distribyuta kwenye 10, kaza bolti, halafu pima tena. Kukaza kwenyewe mara nyingi kunaisogeza digrii moja au mbili. Toa waya wa TE1, uone mkato umesogea mbele, ndiyo dalili kwamba kompyuta imerudi kazini. Kisha piga mstari mmoja wa rangi unaovuka distribyuta na hedi. Siku nyingine gari likitoka kwa mtu, utazame mstari huo kabla hujalipa.

Maswali yenu tunayapokea kama kawaida. Kipindi kijacho ni zamu ya wenye dizeli, na plagi za kupasha za Hilux.